Maua ya karatasi ku sanduku ya mama: namna gani tuyahukumu?

Kila mwaka tukikutana mu shirika letu, hapa Lubumbashi, kuongea juu ya desturi, majina ni yale yale. Mutu mumoja anataja musalaba wa mukuba, ule wa zamani uliotumika kama franga. Mwingine anataja lukasa ya Baluba, kile kibao chenye shanga ambacho wenye kujua wa chama cha mbudye walisoma kwa kidole. Wa tatu analeta ngoma, wa ine analeta vinyago. Hakuna hata mumoja anayesimama na kusema: karto ya viatu yenye maua ya karatasi. Lakini tukiingia mu nyumba za Kenya, za Katuba ao za Ruashi, ni hiyo tunayokuta juu ya kabati, ao chini ya kitanda, ao nyuma ya televizio. Musalaba wa mukuba tunaendea kuangalia ku Musée. Sanduku yenye maua tunaishi nayo.

Basi mwezi wa saba tuliomba kila mama mwenye sanduku ya namna hiyo ailete mu salle yetu kwa siku tatu. Hatukuweka masharti, isipokuwa mamoja: iwe imetengenezwa na mikono ya mutu wa nyumba, kwa kitu ambacho kingetupwa. Zilikuja zaidi ya ishirini. Karto za viatu, karto za sabuni, mikebe ya maziwa ya unga, na mulangano mumoja wa karto mbili zilizoshonwa pamoja kwa uzi wa gunia. Mzee mumoja wa kamati, ambaye tunamuheshimu sana, alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma, kiisha akasema: «Bantu batatucheka. Hii si desturi, hii ni kazi ya masere.»

Neno la mzee si la bure, na ni lazima tulijibu mbele ya kuongea juu ya uzuri na ubaya. Ni kweli kama mukono wa masere uko ndani. Kuanza mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilipotaka wafanyakazi wake wakae mu kambi pamoja na bibi na watoto, pasipo kurudi kila wakati ku muji, bamama pia walitafutiwa masomo: ouvroir, na nyuma yake foyer social. Kule walifundishwa kushona, kutarizi, kufanya krosheti, kupanga nyumba namna wazungu walifikiri nyumba inapashwa kupangwa. Maua ya karatasi yalikuwa jirani ya masomo hayo: maua ya altare mwezi wa Maria, maua ya komunyo ya kwanza, taji za kuweka juu ya kaburi.

Lakini shanga za kioo za lukasa, nazo zilitoka wapi? Zilipita mu mikono ya wachuuzi toka mbali, na hakuna mutu anayesema kama lukasa ni kazi ya wachuuzi. Kitu kinakuwa chetu wakati kinaanza kututumikia mu haja ambayo ni yetu. Ua la darasani lilikaa mu vaze, ao mbele ya sanamu, likingoja vumbi. Kulitosha mu vaze na kulibandika juu ya kifuniko cha karto, kiisha kuweka mu ile karto mambo yote ya jamaa, hilo si somo la kizungu. Mzee wetu alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema tutaona.

Sasa, ndani ya hizo sanduku kuko nini? Tuliwaambia bamama walete zikiwa tupu, juu ya usalama, lakini wengi walituambia kwa mudomo. Akti ya kuzaliwa ya watoto. Biltini za masomo kuanza mwaka wa kwanza. Karatasi ya ndoa, ya leta na ya kanisa. Karatasi za kiwanja. Picha za watu waliokufa. Risiti za minerval, hata za watoto waliomaliza kusoma zamani, sababu hapa kwetu mutu anaweza kukuuliza risiti ya miaka kumi. Mu nyumba nyingi za kambi kuko pia karatasi za Gécamines. Tunakumbuka kama mu 2003 na 2004 wafanyakazi karibu 10,000 waliacha kampani kwa ule mupango ulioitwa «départ volontaire», na wengi wao walikaa wakidai kama hesabu yao ya mwisho haikuwa sawa. Ile hesabu ya mwisho, desonti finale kama tunavyosema, ni karatasi moja tu. Mu nyumba moja tunayoijua ilikaa ndani ya karto ya sabuni, chini ya maua mekundu ya krepo, kwa muda mrefu kuliko mwenyewe alivyoishi.

Kwa hiyo tunasema wazi: mutu anayehukumu haya maua sawa vile anahukumu maua ya salle ya harusi anakosea mulango. Ua la harusi kazi yake inakwisha siku moja, wageni wakirudi. Ua la sanduku liko ku kazi kila siku, na kazi yake ni ya ulinzi.

Mama mumoja wa Katuba, mjane, alitufundisha hilo kuliko sisi wote. Sanduku yake haikuwa nzuri, tuseme ukweli. Karto ya viatu vya mutoto, iliyofunikwa na karatasi ya kado, na maua saba ya rangi ya waridi yaliyopauka mpaka yakawa sawa na nyama iliyopikwa. Tulimuuliza kwa nini hajayabadilisha. Alicheka kidogo. Bwana wake alipokufa, nyuma ya kilio, wandugu wa bwana walikuja kutosha vitu: frigo, televizio, mashini ya kushona, hata mapazia. Walifungua valizi zote, wakitafuta karatasi za nyumba. «Baliona ile karto, mumoja akaishika, mwingine akamwambia: acha, ni bintu bya batoto banamuke, uko unaona maua. Akaiacha. Karatasi zote zilikuwa mule.» Na hizo karatasi njo zilimusaidia mbele ya hakimu. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyogeuzwa sehemu zake mu 2016, inamuhesabu mjane kati ya wariti. Lakini sheria bila karatasi ya ndoa mu mukono ni maneno ya redio tu. Ile sanduku ya maua yaliyopauka tuliiweka ku meza ya mbele.

Watu wa Katanga tunajua ua lingine linalofanya kazi juu ya kitu kilichofichwa. Mbele ya mashini na mbele ya wajeolojia, watu waliangalia majani. Kuko kimea kidogo chenye maua ya bluu yenye kuelekea zambarau, wenye elimu ya mimea wanakiita Haumaniastrum katangense, Wafaransa wanasema «fleur de cuivre». Kinapenda udongo wenye mukuba mwingi, ule unaoua mimea mingine. Fasi unaona miti inakatika na hilo ua linajaa, chini kuko mawe ya kijani. Hata wanaotafuta mabaki ya zamani walilifuata, kwa kuwa linaota pia fasi wahenga waliyeyushia mukuba, udongo wa pale ukiwa umebaki na sumu yake. Ua la mukuba linasema: chimba hapa. Ua la karatasi la yule mama lilisema: pita, hapa hakuna kitu. Yote mawili yanakaa juu ya mali, lakini moja ni mushahidi, lingine ni mulinzi mwenye kujifanya mupumbavu. Tunafikiri kama kila sanduku tuliyoona inaegemea ku upande mumoja ao mwingine, na fundi anapashwa kujua ni upande gani anataka. Nyingi zilizotusumbua ni zile ambazo hazikujua.

Mufano wa kwanza ni ile iliyopendwa na watu wote. Hatuogopi kusema kama sisi hatukuipenda. Ilikuwa mukebe mukubwa, umepakwa rangi ya zahabu ya bombi, na juu yake maroza kumi na mawili, makubwa, yamekazwa moja kando ya lingine mpaka kifuniko hakionekani. Kazi ya mukono ilikuwa safi, hilo hatukatai. Kila petali imevutwa kwa vidole viwili vya gumba mpaka ikawa sawa kijiko, ncha zimekunjwa kwa sindano ya kufumia. Lakini jaribu kuufungua. Kifuniko hakina fasi ya kushika. Ukikishika unashika roza, na roza inavunjika. Mwenye nao alituambia kama tangu autengeneze ameufungua mara mbili tu. Basi si mukebe tena, ni vaze yenye tumbo. Na tena tuseme juu ya hizo roza: zilifuata kwa ukaribu maua ya plastiki yanayouzwa mu maduka, yale yanayotoka China, kila moja na tone la maji ya uongo. Tunaelewa namna gani ilikuja vile. Plastiki ilipojaa ku soko, mutu wa karatasi aliona lazima ashindane nayo. Lakini karatasi ikishindana na plastiki kwa kufanana na plastiki, imekwisha kushindwa. Ya dukani itakuwa siku zote ya kung'aa zaidi, na unaweza kuiosha na maji.

Karatasi ina nguvu yake ambayo plastiki haina, na nguvu hiyo ni kama karatasi ilikuwa kitu kingine mbele ya kuwa ua. Sanduku ya pili tunayotaka kuongelea iliielewa vizuri sana. Ilitoka Ruashi. Maua yake yote yalikatwa mu mifuko ya simenti. Wale wanaojenga wanajua: mufuko una tabaka zaidi ya moja, na karatasi yake ni ngumu, ya rangi ya udongo, yenye nyuzi ndefu. Huyu mama anakung'uta mufuko inje, anaupangusa na kitambaa chenye maji kidogo, kiisha anaufinya mu mikono, anaufungua, anaufinya tena, mara nyingi, mpaka karatasi inalegea na kuwa sawa ngozi ya mbuzi. Hapo njo anakata. Hakupaka rangi isipokuwa katikati ya ua, fasi alitia majivu na kole. Shina ni waya ya mukuba iliyotoka mu mota ya zamani iliyoungua, nyembamba, na aliacha ionekane. Maua matano tu, pembeni ya kushoto, na sehemu ya mbele ya kifuniko imeachwa wazi ili kidole kipate kushika.

Wageni walipita mbele yake bila kusimama. Kijana mumoja alisema inafanana na majani makavu. Sisi tulirudi kwake kila siku ya maonyesho, na kila siku tuliona kitu: kwanza kama maandiko ya kiwanda yanabaki kidogo ku petali moja, herufi mbili za bluu, kiisha kama urefu wa mashina unapungua kutoka nyuma kuja mbele, sababu sanduku inakaa chini ya kitanda na inapita fasi nyembamba. Huo uzuri umetoka ndani ya matumizi. Mutu aliyeipima kitanda chake mbele ya kukata shina, huyo ni fundi.

Ya tatu ilitufanya tubishane sisi wenyewe. Binti wa mashuleni alitengeneza maua kwa daftari zake za zamani. Mistari ya daftari inaonekana, na maandiko ya wino wa bluu, na fasi fasi wino mwekundu wa mwalimu. Mumoja wetu alisema ni wazo kubwa: maarifa yamekuwa maua, na kadhalika. Mwingine aliweka miwani, akasoma petali moja: «2/10, fanya tena». Tulicheka sana. Lakini nyuma ya kucheka kulibaki ulizo la kweli. Je, maandiko ku ua yamewekwa ili yasomwe, ao ni rangi tu? Kama ni ya kusomwa, binti alipashwa kuchagua. Kama ni rangi, basi karatasi ya daftari ni rangi mbaya, sababu inageuka manjano mbio mbele ya dirisha, na wino unafifia. Nyuma ya miaka michache atabaki na maua ya rangi ya chai bila hata ile 2/10. Tulimwambia vile, yeye akajibu kama hakufikiria miaka michache, alifikiria kurudi kwa darasa mwezi wa tisa. Ni jibu la haki, na ana miaka kumi na ine.

Hapa tuseme mbio juu ya kole, sababu wengi wanaidharau. Kole ya dukani ni bei. Bamama wengi wanapika yao, kwa unga wa muhogo ao wa mahindi, ule ule wa bukari, nyepesi sawa uji. Inashika vizuri ku karto, na haikunji karatasi kama ukipaka kidogo. Ila mende na panya wanaipenda kuliko sisi tunavyopenda bukari. Sanduku mbili zilikuja na petali zilizoliwa. Na krepo, yenyewe, iko na adui wawili: maji ya mvula yanatosha rangi yake na kuipaka ku karatasi za ndani, na vumbi letu jekundu la mwezi wa nane linaingia mu mikunjo na halitoki tena. Mama aliyeweka maua ya krepo ubavuni mwa sanduku, na si juu, alikuwa na akili: vumbi linateremka, ubavu unaokoka. Tena unaweza kupandisha sanduku nyingine juu yake. Hatukuelewa namna gani watu wanaendelea kuweka bustani nzima juu ya kifuniko, mu nyumba za vyumba viwili, fasi kila kitu kinalala juu ya kingine.

Ulizo lingine lilitusumbua siku zote tatu: kwa nini roza? Mu sanduku zaidi ya ishirini, tulihesabu zile zisizokuwa na roza, zilikuwa ine. Hakuna hata moja yenye ua la jakaranda, na jakaranda inafunika barabara zetu na zambarau wakati wa joto, mbele tu ya mvula. Hakuna bugenvile, na kwa mutu wa karatasi bugenvile ni zawadi ya Mungu, sababu hata juu ya muti inafanana na karatasi: vipande vitatu vyembamba, mushipa katikati, imekwisha. Kuikata kwa mukasi ni kazi ya dakika mbili. Roza inaomba petali ishirini na uvumilivu wa masere. Tuliuliza bamama. Mumoja alisema: «Roza njo ua. Zile zingine ni miti.» Hatukucheka, sababu ndani ya jibu hilo kuko miaka mingi ya foyer social. Ua lililofundishwa darasani lilipewa jina la ua, na yale ya mu kiwanja yalibaki majani. Hatusemi waache roza. Mutu apende anachopenda. Tunasema tu kama mutu anayetengeneza roza ya kumi na mbili hakutazama inje ya dirisha lake, na jicho lisilotazama linaonekana mu kazi.

Kati ya zile ine, moja ilituacha kimya. Ni karto ya kawaida, imefunikwa na kitambaa cha pagne ya zamani. Ku kifuniko kuko maua madogo tisa, yamepangwa mu mustari si wa kunyooka, mengine karibu karibu, mengine mbali. Saba ya rangi, mawili meupe. Tulifikiri kwanza ni kosa la kupanga. Mwenye sanduku alipokuja siku ya pili, aliweka kidole juu ya ua la kwanza na kuanza: huyu mukubwa, yuko Kolwezi, huyu ameolewa Likasi, huyu mweupe, hakufikisha mwaka. Nafasi kati ya maua ni nafasi kati ya kuzaliwa. Rangi ya kila moja ilitoka mu karatasi ya kitu cha yule mutoto: bahasha ya barua, kifuniko cha daftari, karatasi ya pipi ya siku ya batizo. Hakuna hata neno moja lililoandikwa, na mama alisoma dakika kumi. Mzee wetu, yule wa kazi ya masere, alikuwa amesimama nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho. Alimuuliza swali moja tu: kwa nini lile la saba liko chini ya mustari. Mama akasema huyu walimulea, hakumuzaa.

Hatutaki kusema kama hiyo sanduku ni lukasa. Lukasa ilikuwa ya wafalme na ya elimu yenye viapo. Kuisoma kulihitaji kufundishwa kwa muda mrefu. Hii inasomwa na mama mumoja, na akienda, nani atasoma? Pengine binti wa kwanza. Lakini kidole kinachotembea juu ya kitu kidogo chenye rangi na kutosha historia mule, huo mwendo tunaujua, na haukutoka mu foyer social.

Kuna watakaosema kama tunapandisha karto juu sana. Tuwakumbushe basi Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948 ku muji wa Kimbembele-Ihunga, akaenda Kinshasa mu 1970, akafanya kazi ya kutengeneza vinyago vilivyoharibika ku Musée, na kutengeneza miji mizima kwa karatasi, karto na vifungashio. Mu 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris mu «Magiciens de la terre». Mu 2018, miaka mitatu nyuma ya kufa kwake, MoMA ya New York ilimufanyia maonyesho makubwa. Wakati karto inakuwa muji wa mwanaume mwenye jina, wenye elimu wanaandika vitabu. Wakati karto inakuwa sanduku ya mama, wanasema ni ya kupitisha wakati. Hatulinganishi akili ya Kingelez na ya kila mutu mwenye mukasi. Kati ya sanduku zetu, nyingi ni za kawaida na chache ni mbaya kabisa. Tunalaumu tu kwamba hakuna anayeziangalia kwa karibu ili ajue ni zipi.

Hata hapa mujini tuliona mufano wa jicho lingine. Tangu 2000 mupango wa «Mémoires de Lubumbashi», pamoja na watu wa Université sawa profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, ulikusanya ukumbusho wa wakaaji na kupeleka vitu vya nyumba za watu wadogo mbele ya macho ya wageni. Wengi wetu tulijifunza hapo kama mashini ya kushona ya mama inaweza kusimama mu salle ya maonyesho bila haya.

Kumebaki jambo la franga, na ni jambo gumu. Siku ya tatu alikuja muchuuzi anayeuza vitu vya ukumbusho kwa wageni, malakite na kadhalika. Alipenda ile ya zahabu, kama wote. Alitaka arobaini, zote sawa sawa, ndogo, nyepesi, za kuingia mu valizi ya ndege. Bamama watatu walikubali palepale, na tunawapa haki: minerval haingoji uzuri. Lakini sanduku inayotengenezwa tupu, ili ibaki tupu, maua yake yanalinda nini? Fundi hajui kitanda gani itaingia chini yake, hajui watoto ni wangapi. Atafanya roza, sababu roza haiulizi kitu. Sisi tuliwashauri bamama watoshe hizo arobaini vizuri, wapate franga yao, waandike jina lao ndani ya kifuniko, jambo ambalo muchuuzi hakulipenda hata kidogo, na wasichukue za nyumbani kuwa mufano. Mumoja alikwisha kumuuzia ile ya nyumbani. Jioni tuliona karatasi zake za jamaa mu sashe ya plastiki, amezishika chini ya mukono.

Maonyesho ya pili kamati imeyaweka mwezi wa kwanza, mvula ikiwa inanyesha kweli kweli. Mzee ndiye aliyechagua huo mwezi. Anasema anataka kuona kole ya nani inashika.